Swali Ambalo Sikumsomea Harun

Swali la kumi na moja sikulisoma. Nililiona, nikalielewa, nikatia alama kwenye Hapana, kisha nikaendelea na la kumi na mbili kwa sauti ile ile. Upande wa pili wa simu alikuwa shemeji yangu Harun, yuko kwao Uholanzi, ametoka kupasuliwa macho na hawezi kusoma herufi ndogo. Alikuwa akisubiri kuulizwa na kujibu. Hakujua kwamba kuna swali limempita. Ningeweza kuikataa fomu ile tangu mwanzo. Ningesema, "Huyu ni jamaa yangu, mtafuteni mtu mwingine." Sikusema.

Ninyi mliobaki pale Makadara, wenye meza zenu karibu na mahakama, mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu kwa kuwa nimeiacha. Kevo wa meza ya pili alitaka niandike "siri za kutoboa." Siri hizo sina. Ningekuwa nazo nisingeketi kwenye stuli moja miaka thelathini na minane. Nina hiyo miaka, na nina fomu moja. Nitaanza na miaka.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mwandiko mzuri na matokeo ya katikati. Kwetu Pumwani tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu mdogo Zaituni. Baba alikufa mapema, mama akatulea kwa vitumbua. Mwandiko ndio ulionifikisha kwa Mzee Wafula, karani wa zamani wa reli, aliyekuwa na kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, meza ya mbao na mashine ya chapa ambayo herufi yake ya "e" ilikuwa imekatika mguu. Kwa miaka mingi ungeweza kutambua hati zetu popote mjini kwa kuangalia "e" tu.

Siku ya kwanza hakunipa mashine. Aliniketisha kushoto kwake akaniambia nisikilize. Akaja mama mmoja aliyetaka cheti cha kifo cha mumewe. Mzee Wafula akamsomea swali la kwanza kwa sauti, kwa Kiswahili, polepole. Akangoja jibu. Akaliandika, kisha akamsomea alichoandika. Ndipo akaenda la pili. Jina la marehemu lilikuwa wazi kwenye barua aliyoishika yule mama, lakini bado alimuuliza, "Marehemu aliitwa nani?" Mama akalia. Mzee akaweka kalamu chini mpaka alipomaliza, akauliza tena.

Alipokwenda nikamwambia, "Mzee, si jina ulikuwa unaliona?"

"Nililiona kwenye karatasi. Sikuwa nimelisikia kwake."

"Na kama atalikosea?"

"Atakosea kwa mdomo wake. Ukikosea wewe kwa kalamu yako, nani ataitwa dirishani kujibu? Ni yeye. Wewe utakuwa hapa unakunywa chai."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: soma kila swali kwa sauti, ujibiwe, ndipo uandike. Ya pili alinipa baadaye, siku nilipotaka kumjazia binamu yangu fomu ya kitambulisho. "Fomu ya jamaa yako usiijaze," alisema. "Utaanza kumjibia."

Wakati ule niliona ni maneno ya mzee anayelinda wateja wake.

Kusoma kwa sauti kuna matatizo yake. Mwanamume mmoja wa Magharibi alikuja na mkewe kujaza fomu ya wosia. Nikasoma, "Idadi ya wake." Mume akatazama dari. Kibanda hakikuwa na dari. Mke akasema, "Karani, rudia swali, nadhani hakusikia." Nikarudia. Tulimaliza fomu ile siku ya tatu, na ikawa na kurasa mbili za nyongeza. Lakini ilipopelekwa haikurudishwa, kwa sababu kila neno lilikuwa la mwenyewe.

Mzee Wafula alipofariki nikabaki na meza, mashine na kanuni mbili. Mashine ilikufa kabla yangu. Zikaja kompyuta, fomu zikahamia mtandaoni, na pembeni yangu akaketi Kevo, mtoto wa Kaloleni, anayechapa kwa vidole kumi bila kutazama. Alikuwa akimaliza wateja wanne nikiwa na mmoja.

"Mzee wa fomu," alikuwa akiniambia, "wewe husoma fomu kama mtu anaombea chakula. Chakula inapoa!"

"Kikipoa kitaliwa. Chako kinaungua."

Katika miaka hiyo ndipo nilianza kupata wageni. Watu hudhani wazungu wastaafu wote wanaishi kule kwenye mitaa ya matajiri yenye miti mingi. Wengine wako kwetu. Kuna mwalimu aliyefundisha Buruburu miaka thelathini akaona hana nyumba nyingine duniani. Kuna fundi aliyemwoa mama wa Umoja. Pensheni zao ni ndogo, vibali vyao vya ukaaji vina tarehe za kuisha, na kila baada ya muda lazima vihuishwe kwa picha, barua na uthibitisho kwamba mtu anajitegemea. Mtu wa miaka sabini anayeulizwa na serikali mbili kama yuko hai huchoka. Walikuja kwangu kwa sababu niliwasomea polepole na sikucheka Kiswahili chao.

Harun alikuwa mmoja wao. Jina lake la kwanza ni Hendrik. Alikuwa mpima ardhi, akachimba visima huku na kule, akastaafu, akapanga Komarock. Zaituni alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja mkubwa, Faraj, na kiduka cha kanga karibu na hapo. Harun alinunua kanga ambazo hakuwa na wa kumpa mpaka Zaituni akamuuliza, "Mzee, unafungua duka la kushindana nami?" Akasilimu, akawa Harun, wakaoana. Fomu zao za ndoa zilijazwa na Kevo, nami niliketi mbali nikanywa chai. Wakati ule bado nilikuwa na akili.

Huyo Harun alikuwa mkweli mpaka akachosha. Siku moja alirudi kwa miguu mpaka soko la Burma kwa sababu alipofika nyumbani na kupima maini aliona amepewa zaidi. Muuza nyama akawaita wenzake waje kuona. "Mzungu amerudisha maini! Wewe mzee, kwenu hamna paka?" Harun akacheka nao, lakini maini aliyaacha. Haya nilikuwa nayajua vizuri. Nayaandika ili msije mkanitetea.

Mwaka wa corona ulianza Harun akiwa kwao. Alikwenda kwa miezi miwili, kubadilisha pasipoti na kupasuliwa macho. Mipaka ikafungwa, upasuaji ukasogezwa mbele. Kibali chake cha ukaaji kikaisha akiwa huko, na ofisi ya kukihuisha ilikuwa imefungwa huku. Huku Zaituni akaanza kuvimba miguu. Ikawa ni figo. Mara mbili kwa wiki Faraj alimpeleka kusafishwa damu, na barua ya kuwapitisha wakati wa kafyu niliwaandikia mimi. Mke na mume wakawa wanaonana kwa simu, yeye amelala kwenye kiti cha hospitali na barakoa, Harun na bandeji. Faraj alisema walifanana na majambazi wawili wanaopanga wizi.

Ndege ziliporudi, daktari alimwita Faraj pembeni. Hakusema siku ngapi. Alisema kama kuna mtu wa kuja, aje.

Zaituni akaniita Komarock. Alikuwa ameketi kitandani, kanga mabegani, mikono imekuwa mizito.

"Kaka Idi, wewe ndiye unayezijua hizi fomu."

"Nitamtafutia mtu mzuri."

"Mtu gani mzuri kuliko wewe? Miaka yote umewaleta wa wengine. Mlete na wangu. Tumia njia yoyote, kaka, ila afike. Mimi nataka siku yangu ikifika, Harun ndiye anishushe. Nimeshamwambia, na amejifunza mpaka dua yake."

Kwetu sisi mwanamke huteremshwa kaburini na watu wake wa karibu. Mume, mtoto, ndugu. Na maiti haikai: akifa asubuhi, alasiri amezikwa. Hakuna kungoja ndege. Kwa hiyo Harun alitakiwa awe hapa kabla, na sote tulijua kabla ya nini.

Nikasema, "Atakuja ndani ya wiki." Hakuna aliyenilazimisha kusema wiki.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Harun aseme ukweli: niliishi huko kwa kibali, kibali kikaisha mipaka ikiwa imefungwa, mke wangu ni mgonjwa, hii hapa barua ya hospitali. Fomu ya namna hiyo ilikuwa inakwenda kwenye meza ya mtu aisome, na hakuna aliyejua inakaa siku ngapi. Njia ya pili ilikuwa viza ya matembezi ya kawaida, ambayo ilikuwa ikitoka kwa siku tatu. Kilichozitenganisha ni swali la kumi na moja: Je, umewahi kuishi nchini humu kwa kibali? Ukijibu Ndiyo, unafunguka ukurasa mwingine wa maelezo. Ukijibu Hapana, unaendelea.

Nikampigia Harun nikiwa kibandani. Nikamsomea la kwanza mpaka la kumi, kama nilivyofundishwa. Alijibu kwa utaratibu wake, hata jina la mama yake alilitaja herufi moja moja. Nikafika la kumi na moja. Nilijua atajibu nini. Atasema Ndiyo, miaka tisa, na miezi atataja. Nami nilikuwa nimeshamwahidi dada yangu wiki moja.

Nikalijibu mwenyewe, kimya.

Mwishoni kulikuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba majibu yote ni ya kweli. Harun akauliza, "Shemeji, umenisomea yote?"

"Yote."

"Basi thibitisha."

Nikathibitisha. Kevo alikuwa akitazama kioo cha kompyuta yangu. Yeye ni mtu wa kelele, lakini siku ile alisema polepole, "Mzee, hiyo ya eleven umeiruka." Nikamwambia ashughulike na meza yake.

Wiki ile ile nilimjazia fomu Mwalimu Dorothea, yule wa Buruburu. Alikuwa amekwama kwa dada yake ng'ambo, na kibali chake kiliisha mwezi mmoja na cha Harun. Yeye hakuwa jamaa yangu. Nikamsomea kila swali kwa simu, la kumi na moja akajibu Ndiyo, nikamwandikia barua ya ukurasa mmoja.

Viza ya Harun ilitoka siku ya tatu. Zaituni alinibusu mkono.

Siku ya ndege alibadilisha zamu yake ya hospitali ili aje kumpokea. Tulimkataza. Akasema, "Mume wangu hapokewi na shemeji." Alipika mahamri na mbaazi, tangu alfajiri, akiwa amekaa kwenye stuli kwa sababu kusimama hakuwezi. Wapokeaji hawakuruhusiwa ndani ya jengo, kwa hiyo tulingoja kwenye maegesho, ndani ya gari aliloazima Faraj, milango wazi, kikapu kikiwa mapajani mwa Zaituni. Ndege ilitua saa nne asubuhi. Saa tano unusu simu yake ikalia, akaiweka tusikie sote.

"Zaituni," Harun alisema, "hapa wameona alama za vidole vyangu. Wananiuliza kama niliwahi kuishi hapa. Nimewaambia miaka tisa. Wananionyesha fomu, imeandikwa Hapana. Mimi sikusema Hapana."

Zaituni akageuka kunitazama.

"Kaka, ulimwuliza?"

"Ilikuwa ndiyo njia ya haraka."

"Sijauliza haraka. Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

Harun alisikia. Akasema, "Shemeji, uliniambia umesoma yote." Hakupaza sauti. Nyuma yake nikasikia mtu akimwambia, kwa heshima, "Mzee, tafadhali malizia simu."

Nilikimbia mpaka mlangoni. Mlinzi akanizuia. Nikamwambia mimi ndiye niliyejaza, kosa ni langu, aniruhusu niseme. Akaniuliza, "Fomu ni ya nani?" Nikasema ni ya Harun. "Basi wewe unataka kusema nini?" Hakuwa mkali. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nimewaeleza wateja jambo hilo hilo.

Walimrudisha kwa ndege ile ile. Zaituni alikataa kuondoka mpaka ilipopaa. Alikuwa hajui ipi ni ipi, kwa hiyo kila iliyopaa aliitazama. Kisha akawaita walinzi wa maegesho akawapa kikapu. "Kuleni, wanangu," aliwaambia. "Mwenyewe hakufika."

Njiani nilijaribu kujitetea. Nilisema, "Uliniambia nitumie njia yoyote."

"Nilikwambia njia yoyote afike," alisema. "Sikukutuma umwongopee, halafu uongo uuandike kwa jina lake. Mtu aliyerudisha maini, Idi."

Aliniita Idi. Tangu utotoni hakuwahi kuniita hivyo.

Jina la Harun liliingizwa kwenye orodha ya watu waliotoa habari za uongo. Mwanamume ambaye hakuwahi kudanganya mizani alikuwa na hilo dhidi yake katika kompyuta za nchi mbili. Niliandika barua nne nikikiri kwamba jibu lilikuwa langu. Niliambiwa faili inaangaliwa. Sikuwalaumu, kuna mtu mahali anasoma faili moja baada ya nyingine, na yangu ilikuwa ya mtu aliyekwishasema uongo.

Barua ya Mwalimu Dorothea ilijibiwa siku ya kumi na tisa. Wakampa ruhusa, akapimwa corona, akakaa karantini, akaja mpaka kibandani na barakoa ya maua akaniletea kopo la biskuti. "Mzee Idi," alisema, "wewe ndiye mtu wa pekee aliyeniuliza maswali yote." Alipokwenda nikalisukuma kopo kwenye meza ya Kevo.

"Mzee, hizi ni za majuu! Unapeana aje?"

"Chukua."

Akanitazama usoni, akachukua.

Siku kumi na tisa. Zaituni aliishi wiki kumi na moja baada ya siku ya uwanja wa ndege. Fanyeni hesabu wenyewe. Mimi nimeifanya mara nyingi.

Katika wiki hizo nilikwenda Komarock kila nilipoweza. Alinipokea, akauliza hali ya mke wangu, akamwambia Faraj aniletee chai. Aliniita Idi. Siku moja nilimwomba anisamehe. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini Harun bado yuko kule." Na kwenye simu, nilipokuwa chumbani, yeye na Harun walizungumza mambo ya dawa na mvua mpaka nitoke.

Alifariki Ijumaa asubuhi. Kwa masharti ya wakati ule tulikuwa watu wachache makaburini, tumesimama mbalimbali, barakoa usoni. Faraj alimpa jirani simu aishike juu ili Harun aone. Jeneza lilipowekwa chini nikavua viatu. Nilikuwa ndugu yake wa pekee, na kama mume hayupo, mahali pale palikuwa pangu. Nikapiga hatua.

Faraj akanishika mkono.

"Mjomba, subiri kidogo."

"Kuna nini?"

"Mama aliacha neno." Alikuwa akitazama chini. "Alisema pale ni mahali pa Baba Harun. Kama hayupo, nishuke mimi na hawa wawili wa msikitini. Wewe usishuke."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema unajua. Nisamehe, mjomba."

Nikarudi nyuma nikavaa viatu. Walimshusha. Kutoka kwenye simu nilisikia Harun akiisoma ile dua aliyojifunza, kwa lafudhi yake, mpaka mwisho.

Mwezi uliofuata ofisi iliandika kwamba Harun anaweza kujaza fomu upya. Nilimpelekea ujumbe kwamba Kevo atamsomea, si mimi. Akajibu mstari mmoja: "Sasa nije kwa nani, shemeji?" Hajaniandikia tena.

Niliendelea kukaa kibandani muda kidogo, nikaona kila nikifika swali la kumi na moja la fomu yoyote sauti inakauka, hata ikiwa ni fomu ya leseni ya duka. Nikamwachia Kevo meza. Ninasikia siku hizi naye anasoma kwa sauti, na kwamba wateja wananung'unika. Waache wanung'unike.

Nilikuwa na dada mmoja. Nilitaka kumwokolea siku chache za kungoja, nikamjibia mumewe swali moja. Kwa hilo hakuniita kaka tena mpaka alipokufa, na siku alipozikwa nilisimama nje ya kaburi lake pamoja na majirani.